Mwongozo wa Kumiliki na Kuendesha Gari la Michezo la Kiitaliano Lenye Paa la Kukunja

Mtu anayetafuta kasi peke yake hana haja ya gari la paa la kukunja. Gari lilelile likiwa na paa la chuma huwa jepesi zaidi, kwa sababu halikuongezewa vyuma vya kuimarisha sakafu, na hutulia zaidi kwenye kona. Anayechagua la wazi anachagua kitu kingine: kuisikia injini ikivuta hewa mbele ya miguu yake au nyuma ya mgongo wake, kunusa barabara iliyotoka kunyeshewa mvua, kuona matawi ya miti yakipita juu ya kichwa, na kuyapata yote hayo katika mwendo wa kilomita 60 au 70 kwa saa. Hilo ndilo Waitaliano wanaloliweza, tangu Lancia Aurelia B24 Spider ya katikati ya miaka ya 1950 hadi Maserati MC20 Cielo iliyotoka mwaka 2022.

Raha hiyo ina masharti yake. Inampata yule anayelitoa gari mara kwa mara, na hakuna anayelitoa mara kwa mara gari linalomtia hofu kila linapowashwa. Kwa hiyo mwongozo huu unakaa kwa muda mrefu kwenye uchaguzi na ukaguzi, ambako fedha nyingi hupotea au kuokolewa, kisha unaingia barabarani.

Hatua ya kwanza: Amua matumizi kabla ya kuamua jina

Jina la gari ndilo huingia kichwani kwanza, lakini lifanye kuwa jambo la mwisho kuamua. Jiulize gari litatoka mara ngapi, litalala wapi, fundi gani atalishika likiharibika, na kama mtapanda wawili au wanne.

Magari madogo ya zamani, yenye injini mbele na kusukumwa na magurudumu ya nyuma, ndiyo mlango ulio wazi kwa wengi. Humo imo Alfa Romeo Spider, iliyoonyeshwa Geneva mwezi Machi 1966 na kuendelea kutengenezwa hadi mwaka 1993, pamoja na Fiat 124 Spider, iliyotoka mwishoni mwa mwaka huohuo wa 1966 na kudumu hadi 1985. Maumbo ya yote mawili yalitoka Pininfarina, karakana ya Torino, na lile la Alfa linahesabiwa miongoni mwa kazi za mwisho za mwanzilishi wake, Battista Pininfarina, aliyefariki Aprili 1966, wiki chache baada ya gari hilo kuonyeshwa. Injini zote mbili zina silinda nne na kemshafti mbili juu, yaani mihimili inayofungua vali. Ile ya Fiat ilibuniwa na Aurelio Lampredi, ambaye kabla ya hapo alikuwa amebuni injini za V12 za Ferrari, na busara yake inaonekana hata kwenye jambo dogo la kurekebisha vali: vipande vya kurekebishia nafasi ya vali vimekaa juu, hivyo fundi huvibadilisha bila kung'oa kemshafti, ilhali kwenye Alfa viko chini ya vikombe na ni lazima kemshafti itoke. Kwa anayeanza, napendekeza kundi hili bila kusita, kwa sababu vipuri vyake bado vinatengenezwa na fundi yeyote anayezijua kabureta anaweza kuyashika.

Yapo pia madogo ya karibuni zaidi. Fiat Barchetta, iliyotengenezwa kuanzia 1995 hadi 2005, ni nyepesi na nzuri machoni, ila haikuwahi kutoka kiwandani ikiwa na usukani wa kulia, jambo linalofaa kukumbukwa na kila anayeendesha upande wa kushoto wa barabara. Alfa Romeo 4C Spider ina kiunzi cha nyuzi za kaboni na usukani usiosaidiwa na mota wala haidroliki, kwa hiyo kuiegesha ni kazi ya mikono miwili na mabega, lakini ikishika mwendo hukueleza kila kokoto iliyokanyaga. Kuna pia Fiat 124 Spider mpya ya mwaka 2016, iliyounganishwa Hiroshima, Japani, juu ya msingi wa Mazda MX-5, ikiwa na injini ya Fiat ya lita 1.4 yenye turbo. Wapo wanaokataa kuiita ya Kiitaliano. Mimi sina ugomvi nayo, kwa sababu paa lake hufunguliwa kwa mkono mmoja dereva akiwa ameketi, na gari linalofunguka kwa urahisi namna hiyo hufunguliwa kila siku.

Mwisho ni makubwa: Ferrari, Lamborghini na Maserati. Ferrari ilianza kutumia paa gumu linalojikunja lenyewe kwa California ya mwaka 2008, ikafuata 458 Spider ya 2011, ambayo paa lake hujifungua kwa sekunde 14 likiwa juu ya injini iliyowekwa katikati ya gari. Lamborghini Huracán Spyder ilibaki na turubai, linalofunguka kwa sekunde 17 hata gari likiwa kwenye mwendo wa hadi kilomita 50 kwa saa. Maserati GranCabrio ina viti vinne, na ni miongoni mwa chache za namna hii ambazo familia inaweza kupanda.

Kabla ya kupeleka fedha popote, keti ndani huku paa likiwa limefungwa. Alfa za zamani zinajulikana kwa mkao wa ajabu, pedali zikiwa karibu na usukani ukiwa mbali, kana kwamba dereva ana mikono mirefu na miguu mifupi. Wengine huuzoea kwa siku moja, wengine huumwa mgongo hadi siku ya kuliuza. Halafu lifungue paa na utazame buti: kwenye gari la paa gumu linalojikunja, nafasi kubwa ya mizigo humezwa na paa lenyewe.

Hatua ya pili: Kagua bodi kwanza, injini baadaye

Wanunuzi wengi hukimbilia boneti. Kwenye gari la wazi huo ni mpangilio uliopinduliwa, kwa kuwa injini hufunguliwa na kutengenezwa, ilhali bodi iliyolegea inaweza kugharimu kuliko gari zima. Gari la kawaida hubebwa na sakafu, nguzo na paa kwa pamoja. Ukiliondoa paa, mzigo wote huangukia sakafu na vizingiti vilivyo chini ya milango, na katika magari ya miaka ya 1960 na 1970 hapo ndipo kutu hupenda kuanzia, ndani, mahali pasipoonekana.

Jaribio la mlango halihitaji kifaa zaidi ya jeki. Gari likiwa chini, tazama mstari wa nafasi kati ya ukingo wa nyuma wa mlango na bodi. Upana wake unapaswa kuwa sawa kuanzia juu hadi chini. Ukiona umebana juu na kupanuka chini, ujue gari limebonyea katikati. Kisha liinue upande mmoja kwa jeki, kwenye sehemu iliyowekewa jeki na kiwanda, ukifungua na kufunga mlango taratibu kadiri gurudumu linavyoondoka chini. Mlango wa gari zima utafunga kwa sauti ileile. Mlango wa gari lililooza utaanza kukwaruza, kitasa kitagoma kukutana na ndoana yake, au hautafunguka kabisa hadi ulishushe. Muuzaji akikataa jeki isitiwe, umeshapata jibu bila kuchafua mikono.

Baada ya hapo inua mazulia na uguse sakafu kwa kiganja, kwa sababu unyevu hufichwa na zulia lakini haufichwi na ngozi ya mkono. Pitisha sumaku ndogo iliyofungwa kwenye kitambaa juu ya vizingiti na matao ya magurudumu. Mahali isiposhika, chini ya rangi kuna puti, yaani udongo wa kuzibia mashimo badala ya bati. Tazama chini ya tairi la akiba. Tafuta pia matundu ya kutolea maji yaliyo chini ya milango na mahali paa linapokunjikia, kwa sababu yakiziba kwa majani na vumbi, maji ya mvua hukaa ndani ya bodi na kuila polepole.

Paa lifungue wewe, wala si muuzaji, ambaye anajua pa kusukuma ili lisigome. Turubai huchoka mahali linapokunjwa, kwa hiyo tazama mikunjo na mishono ukiwa ndani huku mwanga ukiwa nje, nawe utaona nukta za mwanga pale kitambaa kilipokonda. Mimina maji kwa ndoo juu ya kioo cha mbele na juu ya milango, si kwa bomba lenye kasi, kisha uguse mipira ya kingo kwa ndani. Kwa paa la umeme, acha injini ikinguruma ili betri isilaumiwe, lifungue na kulifunga mara mbili mfululizo, usikilize kama pampu inalia bila kukatika, na ukague bitana ya buti kama ina madoa ya oili ya haidroliki.

Sasa ndipo uende kwenye injini, nayo iwe baridi. Weka kiganja juu ya boneti ufikapo. Ikiwa na joto, rudi siku nyingine. Moshi wa buluu wakati wa kuwasha, au unapokanyaga mafuta baada ya kuteremka mlima mrefu ukiwa umeachia pedali, ni oili inayopita kwenye mipira ya vali. Moshi mweupe usiokwisha na wenye harufu tamutamu ni maji ya rejeta yanayoingia kwenye silinda, na kwenye Alfa za silinda nne za zamani gasketi ya silinda hedi ni mshukiwa wa kwanza. Injini ya Barchetta ikigonga kama ya dizeli kwa sekunde chache inapowashwa, kifaa kinachobadilisha muda wa vali kimechoka. Si mwisho wa dunia, ila kipunguze kwenye bei.

Swali la mkanda wa taiming, ule unaozungusha kemshafti, ndilo linalotenganisha mmiliki aliyejiandaa na yule atakayeshtuka. Alfa Spider za zamani hutumia cheni, Fiat 124 ya zamani hutumia mkanda, na mkanda huzeeka kwa miaka hata kama gari limesimama. Katika Ferrari F355, kubadilisha mikanda kunataka injini nzima ishushwe. Katika 360 iliyoifuata, fundi huifikia mikanda kwa kufungua kifuniko kilicho nyuma ya viti. Katika F430 mikanda iliondolewa na cheni ikawekwa. Ni magari matatu ya ukoo mmoja yaliyofuatana, na kazi yenye jina moja inaweza kuwa ya siku chache, ya saa chache, au isiwepo kabisa. Ndiyo maana risiti zenye tarehe na kilomita zina thamani kuliko maneno ya muuzaji kwamba gari halikutembea sana. Kutotembea sana, kwa magari haya, si sifa.

Yamebaki mambo madogo yanayosahaulika. Bonyeza swichi za dashibodi kwenye Ferrari na Maserati za miaka ya 1990 na 2000 mwanzoni: utando laini uliopakwa juu yake huyeyuka kwa umri na kunata vidoleni, hata kufuta maandishi, na kuzirudisha zote katika hali yake ni kazi ya uvumilivu. Kama gari lina gia za kielektroniki za klachi moja, kama zile za F1 za Ferrari, Cambiocorsa za Maserati au e-gear za Lamborghini, omba kompyuta ya fundi isome kiwango cha kulika kwa klachi, kwani huliwa upesi na foleni na kurudi nyuma kwenye mlima. Mwishowe soma tarakimu nne za mwisho kwenye ubavu wa tairi: 3219 maana yake tairi lilitengenezwa wiki ya 32 ya mwaka 2019. Tairi lenye kashata nzuri lakini lenye umri wa miaka kumi ni gumu na halishiki lami yenye maji.

Hatua ya tatu: Lirudishe kwenye mwanzo

Hata gari likiwa na historia safi, anza hesabu upya. Badilisha oili ya injini, ya gia na ya difu, maji ya rejeta na mafuta ya breki, ambayo hunyonya unyevu kutoka hewani na hivyo hubadilishwa kila baada ya miaka miwili bila kujali kilomita. Kwenye gari la kabureta, badilisha mipira yote ya petroli siku ya kwanza. Mpira uliopasuka juu ya ekzosi ya moto ndio chanzo cha magari mengi ya zamani kuungua, nao ni miongoni mwa vipuri vya bei ndogo kabisa. Kizima moto kidogo kikae mahali ambapo mkono wa dereva unakifikia. Fundi mtafute wakati gari ni zima, umwachie kazi ndogo kwanza, uone kama anarudisha skrubu zote.

Bima, usajili na mahali pa kulilaza havihitaji maelezo marefu, isipokuwa moja: sehemu kavu inayopitisha hewa ni bora kuliko sehemu yenye joto iliyofungwa kabisa.

Hatua ya nne: Jifunze paa mpaka mikono ikumbuke

Paa la turubai halikunjwi likiwa na unyevu, kwa sababu litaota ukungu na kunywea. Simamisha gari mahali tambarare, shusha vioo kidogo, futa vumbi kwenye dirisha la nyuma kwa kitambaa laini chenye maji, kisha fungua ndoana za mbele. Kama dirisha ni la plastiki lenye zipu, fungua zipu na ulilaze dirisha lenyewe kabla ya kusukuma fremu. Plastiki iliyokunjwa ikiwa na vumbi hukwaruzika, na ikikunjwa kwenye baridi kali hupasuka. Paa linapoanza kushuka, vuta kwa vidole kitambaa kinachotaka kuingia kati ya mbavu za chuma, maana hapo ndipo hubanwa na kutoboka. Likigoma, usiongeze nguvu. Rudi nyuma hatua moja utafute kilichokwama.

Kwa paa gumu linalojikunja, mambo ni mawili tu: hakikisha kizuizi cha buti, kinachotenga nafasi ya paa na ya mizigo, kimewekwa na hakuna mfuko uliokipita, na utazame juu, kwa kuwa paa linapogeuka hupanda juu kuliko urefu wa gari lenyewe, na dari ya gereji haisogei.

Hatua ya tano: Liendeshe

Washa, acha injini itulie kwa muda mfupi, kisha ondoka polepole. Kipimo cha maji hupanda mapema na kumdanganya dereva, ilhali oili huchelewa. Hadi oili ipate joto, usivuke mizunguko 3,000 kwa dakika na usikanyage pedali hadi chini. Gia ya pili hugoma ikiwa baridi katika Alfa za zamani na katika Ferrari nyingi za gia za mkono, na madereva wengi wa Ferrari hutoka gia ya kwanza kwenda ya tatu mpaka oili ya gia ipate joto. Kwenye Alfa, tua kidogo kwenye nyutro kabla ya kuiingiza, au kanyaga klachi mara mbili: mara ya kwanza kuitoa gia, mara ya pili kuiingiza nyingine. Sinkronaiza ya gia ya pili, kifaa kinacholinganisha mwendo wa gia ili ziingie bila kukwaruza, ndiyo huchoka kwanza kwenye giaboksi hizo, na kwa kawaida huuliwa na asubuhi za haraka.

Upepo ni jambo la pili la kulizoea. Wageni hudhani utawapiga usoni, kumbe kioo cha mbele huurusha juu ya vichwa, na nyuma yake hubaki eneo la hewa dhaifu linalovuta upepo urudi kutoka nyuma, ukakupiga shingoni na kurusha nywele mbele ya macho. Dawa yake ni kupandisha vioo vya milango, kushusha kiti, na kuweka wavu wa kuzuia upepo nyuma ya viti kama gari linao. Upepo huo pia huficha ukali wa jua, hivyo paji la uso na sikio huungua bila kuhisi joto. Kofia inayobana, miwani na mafuta ya kukinga jua ni vitu vya kukaa ndani ya gari daima.

Kisha chagua barabara, na hapo usikubali kuongozwa na kasi. Barabara kuu pana, iliyonyooka, ndiyo mahali ambapo gari la wazi linachosha zaidi: kelele za malori, upepo unaofunika mazungumzo, na injini inayoimba sauti moja kwa saa nzima. Tafuta barabara nyembamba yenye kona, asubuhi na mapema kabla ya magari mengine, na uweke gia ya tatu. Injini ndogo ya Kiitaliano ya silinda nne hupenda kuzungushwa, na kati ya mizunguko 3,000 na 5,000 ndipo inapoanza kuongea.

Kona moja ikiendeshwa vizuri inatosha kueleza kwa nini mtu huhangaika na kutu na mikanda. Unaiona inakuja, unakanyaga breki gari likiwa limenyooka na pua inainama kidogo. Mguu wa kulia ukiwa bado kwenye breki, upande wake wa nje unagusa pedali ya mafuta, unapiga resi fupi, na gia ya pili inaingia bila mshtuko huku mlio wa ekzosi ukirudi kwako kutoka kwenye ukuta wa mwamba ulio kando ya barabara. Unageuza usukani na kuhisi uzito ukiongezeka viganjani kadiri matairi ya mbele yanavyoshika. Kabla tu ya kona kufunguka unaanza kurudisha mafuta, kidogo kidogo, na gari linakaa chini kwa nyuma na kujinyoosha lenyewe. Mwendo ulikuwa kilomita 50 kwa saa, pengine pungufu. Kioo cha ndani kikitetemeka unapovuka bonde la lami, usiogope. Magari mengi ya zamani yasiyo na paa hutikisika hivyo, na si hitilafu isipokuwa milango nayo inapiga kelele.

Kwa gari lenye injini katikati, ongeza tahadhari moja: ukishaingia kona, usiachie mafuta ghafla kwa woga. Uzito hukimbilia mbele, matairi ya nyuma hupunguziwa mzigo, na mkia unaweza kutoka nje kwa haraka kuliko unavyoweza kuusahihisha. Punguza mwendo kabla ya kona, si ndani yake.

Atakayebahatika kulipeleka gari kwenye barabara za nchi lilikozaliwa atashauriwa na kila mtu kwenda Stelvio, njia ya mlimani iliyo kwenye kimo cha mita 2,757, ambako upande wa Prato una kona kali 48 za kurudi nyuma na ambako barabara hufungwa wakati wa baridi. Mandhari yake hayana mfano, lakini kwa dereva ni kazi ya gia ya kwanza na ya pili nyuma ya msururu wa baiskeli na pikipiki. Mimi ningemwambia aende Futa, njia nyingine ya mlimani kati ya Firenze na Bologna, kimo cha mita 903 tu, ambako kona hufuatana bila kukatiza mwendo. Magari ya mashindano ya Mille Miglia yalipita huko katika enzi zake za 1927 hadi 1957, na Ferrari, Maserati na Lamborghini zote zina viwanda vyake upande ule barabara inakoteremkia.

Mvua ikianza ukiwa mwendoni, matone mengi hupita juu ya vichwa vyenu na mnaweza kujiona washindi, hadi taa nyekundu ya kwanza. Simameni mahali salama mfunge. Na unapoegesha mahali usipopaamini, usiache kitu chochote ndani, wala usitegemee paa la turubai kulinda mali, kwa sababu kisu hulipasua kwa sekunde moja na kulishona upya ni gharama kuliko chochote kilichoibwa.

Hatua ya sita: Litunze kwa kulitumia

Litoe kila wiki ukiweza, kwa safari inayotosha oili kupata joto lake kamili, yaani nusu saa na zaidi. Kuliwasha na kuliacha likinguruma pale pale kwa dakika tano ni kulidhuru, kwa kuwa unyevu na petroli vinavyoingia kwenye oili havipati joto la kuvitoa. Gari linalosimama miezi mingi hukausha mipira, pistoni za breki hukwama, petroli huchacha na betri hufa.

Turubai lioshe kwa mkono, kwa maji na brashi laini inayofuata mwelekeo wa nyuzi, kamwe si kwa mashine ya maji yenye msukumo mkubwa, ambayo hufungua mishono. Likikauka kabisa, lipake dawa ya kuzuia maji. Mipira ya kingo ipakwe grisi ya silikoni mara mbili kwa mwaka, na matundu ya maji yapitishwe waya laini. Ngozi ya viti kwenye gari la wazi hupigwa na jua kuliko kwenye gari lingine lolote, hivyo ilishwe mafuta yake na ifunikwe unapoegesha juani. Jiunge pia na chama cha wamiliki wa gari lako, kwa sababu huko ndiko hupatikana mtu aliyekwisha kupata tatizo lako na anayejua kipuri cha gari gani jingine kinaingia.

Ikiwa ni lazima gari lisimame kwa muda mrefu, jaza tanki hadi juu ili mvuke usigandane kwenye bati, ongeza upepo kidogo kwenye matairi, weka vigingi kwenye magurudumu badala ya handibreki, na unganisha chaja ya kutunza betri. Paa liache limefungwa, kwani likikaa limekunjwa kwa miezi hunywea na halifiki tena kwenye ndoana zake, kisha lifunike gari kwa kitambaa kinachopitisha hewa. Siku ya kuliamsha, kagua kwanza chini kama kuna kilichovuja. Kwenye injini ya kabureta, chomoa waya wa koili na uzungushe starta kwa vipindi vifupi hadi kipimo cha oili kipande, ndipo urudishe waya na kuwasha. Jaribu breki mara kadhaa kwa mwendo wa kutembea kabla ya kutoka getini.